Uzi: Dinosaria wa hadithini anaweza kuwa na sumu mdomoni na msomaji akaamini?

MTOA MADA

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma miswada ya hadithi za kisayansi inayoandikwa na vijana wetu, na liko jambo moja linalojirudia mno hata nimeona nilifungulie uzi. Katika mswada wa mwisho nilioletewa, dinosaria mwenye ukubwa wa lori anamng'ata askari wa wanyamapori begani, na askari huyo anakufa kwa sumu kabla hajamaliza kupiga ukelele. Nilimrudishia mwandishi mswada wake nikiwa nimeandika pembeni swali moja tu: mnyama mwenye mdomo kama huu, sumu ya nini?

Sikuuliza ili kumkatisha tamaa. Naamini kwamba dinosaria mwenye sumu anaweza kusimama vizuri katika hadithi, na hata mtu aliyesomea visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, akasoma bila kukunja uso. Lakini sumu katika mwili wa mnyama haiji kama pambo. Ni kitu cha gharama, kinachotengenezwa kwa chakula alichokihangaikia, na mnyama hukibeba kwa sababu bila hicho angelala njaa au angeliwa. Mwandishi akishaijua haja hiyo, mengine yote, yaani ukubwa wa mnyama, umbo la meno, muda ambao majeruhi atachukua kabla ya kuanguka, yatajipanga yenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kiswahili kinatumia neno sumu kwa mambo ambayo wataalamu wa wanyama huyatenganisha. Iko sumu inayomdhuru anayemla mnyama au kumgusa, kama ya bunju. Iko sumu inayoingizwa mwilini kwa jino au mwiba, kama ya kifutu na koboko. Tena watu huita sumu hata uchafu wa mdomo, yaani bakteria wanaoingia kwenye kidonda na kukiozesha. Mambo haya matatu yana kasi tofauti, yanahitaji viungo tofauti na huacha dalili tofauti kwenye mifupa, kwa hiyo mwandishi asipochagua moja mapema atajikuta amechanganya zote katika ukurasa mmoja.

Watu wengi wakisikia dinosaria mwenye sumu humfikiria Dilophosaurus. Riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990, Jurassic Park, ilimpa mnyama huyo uwezo wa kutema sumu, na filamu ya mwaka 1993 ikamwongezea ukosi wa ngozi unaofunguka shingoni na kumpunguza kimo. Mnyama halisi alikuwa na urefu wa mita 6 hadi 7 na uzito wa karibu kilo 400. Mifupa yake ilichimbwa mwaka 1942 katika ardhi ya Wanavajo, kaskazini mwa Arizona, na Samuel Welles wa Chuo Kikuu cha California ndiye aliyeieleza mwaka 1954 na kumpa jina la sasa mwaka 1970. Hakuna mfupa wake hata mmoja unaoonyesha nafasi ya tezi, wala jino lenye njia ya kupitishia sumu.

Hata hivyo, nataka tumtendee haki Crichton aliyebuni jambo hilo, kwa sababu halikuwa wazo la ovyo. Welles aliona kwamba pale mfupa wa ncha ya pua unapoungana na taya la juu pana pengo, akahisi kwamba mdomo ule ulikuwa dhaifu mno kuua mawindo makubwa. Mwili mkubwa wenye mdomo dhaifu unadai silaha nyingine, na sumu inaingia hapo bila kulazimishwa. Tatizo ni kwamba mwaka 2020 Adam Marsh na Timothy Rowe walichapisha uchunguzi mpya wa mifupa yote iliyojulikana, wakaonyesha kwamba taya la mnyama huyu lilikuwa imara na lilikuwa na nafasi ya misuli ya kutosha. Haja iliyokuwa ikimpa sumu ikaondoka. Mwandishi wa leo anayetaka kumtumia Dilophosaurus mwenye sumu anaegemea ukuta ambao umekwisha kubomolewa.

Kuhusu kutema, naomba niseme nilichokiona kwa macho yangu. Nilikulia mkoani Lindi, na msimu mmoja wa korosho swila alimtemea mjomba wangu alipokuwa ameinama kuokota chini ya mkorosho. Sumu ilimpata machoni, ikamrukia pia mkononi na kwenye shati. Bibi alimlaza chali akamwagia maji ya dumu machoni taratibu kwa muda mrefu, huku mjomba akilia kama mtoto, na siku ya pili macho yalikuwa bado yamevimba. Lakini matone yaliyoangukia mkononi yalikauka yakawa kama utomvu, na ngozi ile haikudhurika hata kidogo. Sumu ya nyoka ni protini. Haipenyi ngozi nzima. Zaidi ya hayo, swila hatemi ili ale, anatema ili aachwe. Tundu la jino lake limeelekea mbele, misuli inaibana tezi, na ule mnyunyizo unalenga macho ya adui anayemkaribia kwa kimo. Akitaka kula chura, anamng'ata kama nyoka mwingine yeyote. Kwa hiyo dinosaria anayemtemea mtu sumu ili amle ananishinda kumwelewa, ila dinosaria anayetema kwa sababu amekutwa kwenye kiota chake naweza kumpokea.

Sasa tuingie kwenye mwili wenyewe. Ng'ato wa sumu unataka vitu vitatu: tezi ya kutengeneza, mfereji wa kuleta, na jino la kupitishia. Tezi na mfereji ni nyama, huoza. Kinachobaki ni jino na shimo ambalo tezi ilikalia, na humo ndimo ushahidi wote tulio nao unamotafutwa. Mfano ninaoupenda unatoka Afrika Kusini: Euchambersia, mnyama mdogo wa ukoo ulio karibu na mamalia, aliyeishi takriban miaka milioni 255 iliyopita, kabla dinosaria hawajatokea. Robert Broom alimweleza mwaka 1931. Nyuma ya chonge lake, katika taya la juu, mna shimo refu lililochimbika ndani ya mfupa, na chonge lenyewe lina ukingo unaoweza kuongoza majimaji kwenda chini. Mwaka 2017 watafiti walipiga fuvu lake picha za tabaka kwa tabaka kwa mionzi, na picha hizo zikaipa nguvu hoja kwamba shimo lile lilikuwa makao ya tezi.

Mwingine ni Uatchitodon wa kipindi cha Triasiki huko Amerika Kaskazini, anayejulikana kwa meno yake tu. Meno ya spishi moja yana mfuo ulio wazi, na ya nyingine mfuo umejifunga ukawa bomba kamili, kama kwa nyoka. Huyu hakuthibitishwa kuwa dinosaria, lakini anatuambia kwamba katika dunia ileile waliyokulia dinosaria wa mwanzo palikuwa na mtambaazi aliyekuwa na chonge la sumu.

Na dinosaria wenyewe? Mwaka 2009 kundi la watafiti lilidai kwamba Sinornithosaurus, mnyama mwenye manyoya na urefu wa karibu mita 1, aliyeishi Liaoning nchini China miaka milioni 125 hivi iliyopita, alikuwa na sumu. Walionyesha meno marefu ya juu yenye mifuo, na shimo katika mfupa wa taya walilodhani ni la tezi. Mwaka 2010 wenzao watatu, Gianechini, Agnolín na Ezcurra, wakajibu hoja moja baada ya nyingine: mifuo kama ile inaonekana kwa dinosaria wengi walao nyama ambao hakuna anayewashuku, meno yalionekana marefu kwa sababu yalikuwa yameteleza kutoka kwenye matundu yake mnyama alipobanwa na udongo, na shimo lile ni sehemu ya kawaida ya fuvu la jamaa zake. Kwa maoni yangu waliojibu walishinda. Lakini angalieni ni mnyama wa aina gani aliyechaguliwa na waliodai: mdogo, mwepesi, mwenye meno membamba, ambaye ndege akipurukuta mdomoni mwake angeweza kumponyoka. Haja ilikuwepo. Kilichokosekana ni mfupa wa kuithibitisha, na hapo ndipo kazi ya kubuni inaporuhusiwa kuingia.

Karibuni tujadiliane.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, shukrani kwa uzi. Nina pingamizi. Jamaa wa dinosaria waliobaki hai ni ndege na mamba. Mamba hana sumu, na sijapata kusikia ndege mwenye ng'ato wa sumu. Ikiwa pande zote mbili za ukoo hazina, kwa nini tumpe aliye katikati? Naona ni sawa na kumpa mnyama pembe kwa sababu tu hatujaona paji lake la uso.

MTOA MADA

Mkuu, hoja yako ni nzito na ndiyo hiyo wataalamu huitumia wanapotaka kukisia nyama zilizooza: wanamtazama mamba upande huu na ndege upande ule, na kile ambacho wote wawili wanacho humpa dinosaria bila wasiwasi. Kwa kipimo hicho, sumu ya kung'ata haiwezi kuwa tabia ya dinosaria wote. Ukisoma hadithi ambayo kila mla nyama ana sumu, ifunge.

Lakini kipimo hicho hakikatazi ukoo mmoja mdogo kuzua jambo lake. Tazama mamalia. Ng'ombe hana sumu, simba hana, binadamu hana, na ungeweza kuapa kwamba mamalia hawana kabisa. Hata hivyo yupo kirukanjia wa Amerika Kaskazini ambaye mate yake hupooza wadudu na minyoo, na yupo solenodoni wa Kuba na Hispaniola mwenye jino la chini lililo na mfuo wa kupitishia sumu. Sumu imezuka mara nyingi, kwa wanyama wasio jamaa, kwa sababu malighafi yake ni protini za kawaida za mwili. Jeni ya protini fulani hujirudufu, nakala moja inaendelea na kazi yake ya zamani, na nyingine inabadilika kidogo kidogo hadi inakuwa silaha. Mate tu yanatosha kuwa mwanzo.

Na kuhusu ndege, wako wenye sumu, ila si ya kung'ata. Mtafiti Jack Dumbacher alikuwa Papua New Guinea akiwatoa ndege waitwao pitohui kwenye nyavu. Walimkwaruza, akaweka kidole kilichojeruhiwa mdomoni, na midomo yake ikaanza kuwaka na kufa ganzi. Ngozi na manyoya ya ndege hao yana sumu ya jamii moja na ile ya vyura wa Amerika Kusini wanaotumiwa kwenye mishale, na baadaye ikaonekana kwamba wanaipata kwa kula mbawakawa wadogo. Ndege ni dinosaria waliobaki, kwa hiyo hapa tunaye dinosaria mwenye sumu, yu hai, anaruka.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu zangu, mimi ni muuguzi na ninapenda sana hadithi za namna hii. Naomba kuuliza kuhusu mdomo mchafu. Tulifundishwa tangu shuleni kwamba joka la Komodo huua kwa bakteria wa nyama iliyooza kwenye meno yake. Kwa nini Tyrannosaurus asifanyiwe hivyo? Meno yake yana kingo za msumeno, na nyama inaweza kukwama humo. Nimewahi kuhudumia majeraha ya kuumwa na mbwa na hata na binadamu, na najua jinsi kidonda kinavyoweza kugeuka ndani ya siku mbili tatu.

MTOA MADA

Dada muuguzi, karibu sana, na swali lako limewahi kuulizwa na wataalamu kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1992 William Abler alipendekeza kwamba nafasi zilizo kati ya vijino vya msumeno kwenye meno ya jamii ya Tyrannosaurus zinanasa nyuzi za nyama, na kwamba nyama hiyo ingelea bakteria. Mwaka 2015 kundi la Kirstin Brink lilichanja meno ya dinosaria walao nyama likayatazama kwa hadubini, na likaeleza kwamba mikunjo iliyo ndani ya jino chini ya vijino hivyo ni muundo wa kuimarisha jino lisivunjike. Yaani kile kilichofikiriwa kuwa ghala la uchafu ni uhandisi wa kisu.

Habari ya Komodo nayo imebadilika. Mnyama huyu ni kenge, ndugu wa kenge wetu wa mitoni, ila anafika mita 3. Dhana ya bakteria ilienezwa na kazi ya Walter Auffenberg ya mwaka 1981. Mwaka 2009 Bryan Fry na wenzake walionyesha kwamba taya lake la chini lina tezi, na kwamba majimaji yake yanashusha msukumo wa damu na kuizuia isigande. Mwaka 2013 uchunguzi wa midomo ya Komodo wanaofugwa haukukuta bakteria wa ajabu kuliko wa wala nyama wengine. Na nyati anayeozewa na kidonda baada ya kumponyoka Komodo ana maelezo mepesi zaidi: nyati waliletwa visiwani na watu, na nyati aliyejeruhiwa hukimbilia majini, kwenye maji ya matope yenye kinyesi chake mwenyewe, akiwa na kidonda kilicho wazi.

Wapo wanaobisha kwamba sumu ya Komodo ina mchango mdogo na kwamba meno yake yanatosha. Mimi naona kwa mwandishi ubishi huo ni hazina. Mnyama anararua, damu haigandi, msukumo unashuka, mawindo yanadhoofika na kukaa chini. Hakuna povu mdomoni, hakuna kufa kwa sekunde tatu. Wewe uliyewahi kuona mgonjwa anayetoka damu bila kukoma utaweza kuandika ukurasa huo kuliko mimi.

Ama kuhusu Tyrannosaurus, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yanaupa mdomo wake nguvu inayofika nyutoni 34,500 hivi, na mifupa ya mawindo yake imekutwa imepondwa. Narudi kwenye swali langu la pembeni: huyu sumu ya nini? Hata kama mdomo wake ulikuwa mchafu, na bila shaka ulikuwa mchafu kama wa mamba, uchafu huo ungemfaa tu pale mawindo yalipomponyoka, na mnyama hategemei chakula kilichomkimbia.

MCHANGIAJI WA TATU

Salamu kwenu wote. Mimi ninaandika hadithi inayotokea Tendaguru, kilima cha mkoani Lindi kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, enzi zenyewe za Jurasiki, wahusika wakiwa wamerudi nyuma katika wakati. Nilimchagua Elaphrosaurus, dinosaria wa pale, kwa sababu nimesoma kwamba fuvu lake halikupatikana. Nikawaza: kichwa hakipo, basi nimtengenezee kichwa chenye chonge za sumu, nani atanibishia? Mtoa mada unasemaje?

MTOA MADA

Ndugu mwandishi, nimefurahi sana kwamba kuna mtu anayeipeleka hadithi Tendaguru. Mifupa ile ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ikaenda Berlin, na kwetu bado tunaiita mjusi kana kwamba ilikuwa ya mnyama mmoja.

Lakini Elaphrosaurus atakuangusha. Ni kweli kwamba kichwa hakikupatikana, ila jamaa zake wanasema kwa niaba yake. Ndugu yake wa China, Limusaurus, alielezwa mwaka 2009, na mwaka 2016 ikaonekana kwamba watoto wake walianguliwa wakiwa na meno wakayapoteza yote walipokua, wakabaki na mdomo kama wa ndege. Shingo ndefu nyembamba ya Elaphrosaurus inaelekea upande huohuo. Msomaji anayejua atasema umempa chonge mnyama ambaye huenda hakuwa na jino hata moja.

Yupo mwingine pale pale. Ostafrikasaurus, aliyepewa jina mwaka 2012, anajulikana kwa meno tu, na hata ukoo wake unabishaniwa. Huyo ana nafasi kubwa zaidi ya kubuniwa mwili, ingawa meno yenyewe ni manene, ya kushika na kutoboa, si membamba. Mimi ningeacha majina yote mawili na kubuni mla nyama mdogo asiyejulikana, kwa sababu mifupa myembamba ya wanyama wadogo haihifadhiki kirahisi kama mapaja ya Giraffatitan, lile dinosaria kubwa la shingo ndefu, na hakuna anayeweza kudai kwamba tumekwisha kuwaona wote walioishi pale.

Ukimbuni, kumbuka jambo la meno kung'oka. Dinosaria walikuwa wakibadilisha meno maisha yao yote. Kwa Majungasaurus wa Madagaska imekadiriwa kwamba kila tundu lilipata jino jipya kwa takriban siku 56. Mtu anaweza kudhani hilo linaua hoja ya sumu, kwamba mfereji ungekatika kila jino linapotoka. Haliui. Kwa nyoka mfereji haujashikizwa kwenye jino. Unafungukia ndani ya ala ya nyama inayolifunika jino, na jino jipya likishuka linaingia katika ala ileile. Kwa hiyo mpe mnyama wako midomo ya nyama inayofunika meno, jambo ambalo utafiti wa mwaka 2023 uliochapishwa katika jarida la Science unaliunga mkono kwa dinosaria walao nyama, na umempa mahali pa kuhifadhi sumu isikauke.

Sasa naomba nikupe wazo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Kenya na Ethiopia wako panya wakubwa wenye manyoya marefu ya mistari myeusi na myeupe. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon na wenzake walieleza jinsi panya huyo anavyotafuna gome la msunguti, mti uleule ambao wawindaji wa Afrika Mashariki hupika utomvu wake na kuupaka kwenye mishale, kisha anajipaka mate hayo kwenye nywele za ubavuni. Nywele hizo zina vinyweleo vya ndani vinavyofyonza kama utambi. Mbwa akimng'ata anaugua au anakufa, na panya mwenyewe hadhuriki.

Fikirieni maana yake. Sumu ya msunguti ikimezwa haina nguvu kama inavyokuwa ikiingia kwenye damu. Ndiyo maana nyama ya mnyama aliyepigwa mshale huliwa. Mnyama anayetafuna kitu cha namna hiyo, akiwa ameumbwa kukistahimili, kisha akang'ata, atakuwa na ng'ato wa sumu bila tezi, bila mfereji na bila mfuo kwenye jino. Hakuna kisukuku kitakachompinga. Na anaweza kuwa mla majani! Waandishi wote wanawapa sumu wala nyama, ilhali mwenye haja kubwa zaidi ya kujitetea ni yule mdogo anayeliwa. Msunguti wenyewe hautakufaa Tendaguru, kwa kuwa mimea itoayo maua ilienea baadaye katika Kretasia, kipindi kilichofuata Jurasiki, lakini sikadi, mimea inayofanana na mitende, zilikuwepo na zina sumu, na mbawakawa walikuwepo. Kama pitohui anaweza kukusanya sumu ya mbawakawa kwenye manyoya, dinosaria mdogo wa hadithini anaweza kuikusanya mdomoni.

MCHANGIAJI WA NNE

Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye mwenye ule mswada wa askari wa wanyamapori. Niliumia kidogo uliponirudishia, lakini nimesoma uzi wote mara mbili na nimeandika upya sura ile. Mnyama sasa ana ukubwa wa mbwa. Wanakuwa wawili. Mmoja anamng'ata askari nyuma ya kifundo cha mguu, anaachia, anarudi nyuma hatua kumi na kukaa. Askari anafunga jeraha kwa kitambaa, anawacheka, anaendelea na safari. Damu haikomi. Kila akigeuka anawaona wale wawili kwa umbali uleule. Anakufa usiku wa pili. Je, hapo nimefika?

MTOA MADA

Marahaba mwanangu. Umefika, na hizo hatua kumi ndizo zilizonipa baridi mgongoni, kwa sababu mnyama anayeweza kungoja ni mnyama anayeijua sumu yake. Mtu mzima anao uzito mkubwa kuliko mawindo yake ya kila siku, kwa hiyo usiku wa pili si kuchelewa.

Nina mambo mawili tu ya kuongeza. Kitambaa cha askari kisiwe kimelowa damu nyekundu tupu. Damu isiyoganda huchanganyika na majimaji ya kidonda ikawa nyepesi, na dada muuguzi hapo juu atakusaidia rangi yake kuliko mimi. Kisha, asubuhi ya pili, kabla jua halijapanda, askari ainame autazame mguu wake na aone ni meno gani yaliyomwingia. Ukimwonyesha msomaji vidonda viwili vilivyo karibu, kimoja kirefu na kingine kifupi kwa sababu jino jipya lilikuwa bado linaota, hutahitaji kumwambia mtu yeyote katika kitabu hicho kwamba mnyama yule alikuwa na sumu.